Nyama Iliyopelekwa Kupimwa

Mume wa dada yangu ana bucha, na mimi nauza mkaa mlango wa pili. Ukuta ni mmoja. Akishusha shoka kwake, vumbi linashuka kwangu. Kwa hiyo nikisema namjua, sisemi kama jirani wa kuchungulia pazia. Nasema kama mtu aliyekohoa miaka na miaka kwa sababu ya shoka la shemeji yake.

Watu wanamwita Mizani. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuta kidole chake juu ya sahani ya mizani, wala kufika nyumbani akafungua gazeti akakuta mfupa mtupu. Akikuambia hii ni laini, ni laini. Akikuambia hii kaichemshe mpaka ikuombe msamaha, usijidanganye ukaikaanga. Mtu mfupi, kifua kama pipa, maneno yake ya kupimwa kama nyama yake. Na jambo moja ambalo hakuna wa kumtoa: nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi haiingii dukani kwake. Mwenzake mmoja alimletea nusu ng'ombe mzuri, mnene, ila hana muhuri. Mizani alimwambia, "Rudi nayo, na ukipita hapa tena nayo nitakupiga muhuri wewe."

Basi huyo mtu akaanza kupotea potea. Anakupimia kilo, mara anaweka kisu, anakwenda nyuma. Unasubiri. Anarudi, anakata kidogo, anakwenda tena. Mimi mdomo wangu hauna kufuli, nikamwambia, "Shemeji, huko nyuma umeficha mke wa pili?"

"Mke gani anakaa chooni?"

"Mimi nitajuaje? Siku hizi wanakaa popote palipo na dari."

Akacheka. Siku hizo bado alikuwa anacheka. Baadaye hakucheka tena, na huko nyuma akawa anakaa muda mrefu, akirudi uso umekunjamana kama wa mtu aliyekwenda kudai haki yake akaambiwa njoo kesho. Dada alimuuliza, akajibu ni baridi. Baridi gani, na jua lilikuwa linapasua mawe? Lakini wanaume na habari za mkojo ndivyo walivyo, afadhali uwaulize wameiba wapi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kilimuumbua Mizani mchana kweupe, duka limejaa. Mkojo ulikataa kabisa. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Nilimkuta ameshika gogo la kukatia kwa mikono miwili, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, anamwambia mteja kwa adabu, "Samahani mama, sitaweza kukumalizia."

Hospitali walimtia mpira wa kutolea mkojo. Mimi na dada tulikuwa nje ya pazia, tukamsikia anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Halafu daktari wa zamu akatueleza kwamba tezi dume imekua. Kumbe mwanamume ana tezi inayozunguka njia ya mkojo, na umri ukienda inaweza kunenepa ikaibana ile njia kama mkono unavyobana mpira wa kumwagilia bustani. Dawa zipo, lakini yeye alikuwa amechelewa. Wangepitia njia ileile ya mkojo, bila kupasua tumbo, wakwangue nyama ya ndani vipande vidogo vidogo mpaka njia ifunguke.

Na walifanya hivyo, na walifanya vizuri. Ninayotaka kusimulia yalianzia palepale juu ya meza ya upasuaji, ila sisi tuliyajua baadaye sana.

Alikuwa macho. Walimchoma sindano ya mgongo, nusu ya chini ikafa ganzi, nusu ya juu ikabaki inaona na kusikia. Walipomaliza akamwona muuguzi anachuja maji yenye damu, na kwenye chujio vimebaki vinyama vidogo, vyembamba, vyeupe kwa kijivu. Mwenye bucha akaviangalia kama anavyoangalia vyote. Akauliza, "Sista, hizo ni zangu?"

"Ni zako, mzee."

"Mnazitupa?"

"Hapana, zinakwenda maabara kupimwa." Akavitia kwenye chupa, akabandika karatasi, akaondoka na chupa mkononi huku akizungumza na mwenzake habari za viatu.

Basi. Hakuna neno jingine lililosemwa. Sista wa watu hakukosea lolote. Lakini Mizani alirudishwa wodini akiwa ameshahukumiwa, na aliyemhukumu ni yeye mwenyewe.

Mpira ulipotolewa, mkojo ulikuja. Aliporudi nyumbani dada alikuwa jikoni, akasikia maji yanagonga choo kwa nguvu kama ya kijana, akacheka peke yake na mwiko mkononi. Akanipigia simu kunieleza, kana kwamba mimi niliomba habari hizo. Tukasema, haya, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Siku ileile alichukua godoro akahamia chumba cha nyuma.

Lazima niseme kuhusu chumba hicho. Nyumba ile ni ya marehemu baba yake. Mwisho wa ukumbi kuna chumba chenye dirisha dogo juu, na humo ndimo yule mzee alimoumwa mpaka akafa. Dada alikuwa bibi harusi mpya wakati ule. Alikuwa anapeleka uji mpaka mlangoni, anaupokea mama mkwe, mlango unafungwa. Alisikia kukoroma, alisikia mzee anatoka kwenda chooni na kurudi, anaburuta ndara, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Alipouliza anaumwa nini, aliambiwa, "Mkojo." Alipokufa, waliouliza wakaambiwa, "Mkojo." Na neno likaishia hapo, likafungiwa mle chumbani, na chumba kikawa cha kuwekea majembe na magunia.

Humo ndimo Mizani alimotandika godoro.

"Kitanda kiko huku," dada akamwambia.

"Huku kunanitosha."

Akatenga sahani yake, kikombe chake, kijiko chake. Akaacha kula nyama, yeye aliyekuwa anaonja maini mabichi kwa ncha ya kisu. Dada alikuja kwangu akaketi juu ya gunia la mkaa na gauni jeupe, ndipo nikajua mambo ni mazito. Akasema, "Mdogo wangu, mume wangu ana mwanamke."

"Mwanamume aliyetoka kukwanguliwa huko anamtafutia nini mwanamke? Wa kumpepea?"

"Basi ananionea aibu."

"Hilo linawezekana. Mpe muda."

Akainama kwangu, akasema polepole, macho yakiwa mlangoni: "Jana mchana nilikuwa nakatakata vitunguu. Nikasikia ndara zinaburutwa ukumbini. Nikasema, 'Baba, uji bado.' Nimesema hivyo kwa mdomo wangu. Mzee ana miaka mingapi kaburini?"

"Alikuwa mumeo anapita."

"Najua alikuwa mume wangu. Ndiyo maana naogopa."



Dukani nako hakukuwa dukani. Alifungua, akatundika nyama, akasimama anaitazama ikitingishika kwenye kulabu mpaka ikatulia. Wateja wanamsemesha mara mbili. Alasiri moja nilikwenda kumwomba maji ya kunawa nikamkuta kisu kiko hewani, kichwa amekiinamisha upande.

"Shemeji, unasikia?"

"Nini?"

"Kuna mtu anakata."

Nikasikiliza. Shoka limelala juu ya gogo. Barabara imetulia. Inzi tu. Nikamwambia, "Hakuna mtu, shemeji."

"Anakata nyembamba," akasema. "Si shoka hilo. Ni kisu chembamba sana. Anakata, anaangalia, anakata." Akanitazama kwa macho ya mtu mwenye akili timamu, na hapo ndipo nywele ziliponisimama, maana angekuwa na macho ya wazimu ningejua la kufanya.

Simu yake ikawa inaita. Anaitazama mpaka inanyamaza. Nikauliza nani. "Wale."

"Akina nani?"

"Wenye nyama."

Ilipoita tena siku nyingine, nilivuka kwake, nikaangusha nusu ya mlango wa duka, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia, "Shemeji, leo utasema au utaniuza kwa kilo. Dada yangu amekonda. Hospitali wanapiga, hupokei. Umelala kwenye chumba cha maiti kama umeambiwa ushike nafasi. Nini?"

"Acha, shemeji."

"Siachi. Mimi niliachishwa maziwa tu."

Alinawa mikono. Akaifuta kidole kimoja kimoja. Ndipo akanieleza ya sista na chupa, na jinsi chupa ile ilivyomfuata, anaiona kwenye chupa ya chumvi, anaiona kwenye glasi ya maji. Kisha akasema, "Wewe unajua machinjioni wanafanyaje?"

"Najua wananuka."

"Mkaguzi anapita kwa kila ng'ombe. Anapasua tezi, anabonyeza maini, anatazama mapafu. Akiridhika, muhuri, gari, duka. Ng'ombe mzima hapelekwi maabara, shemeji. Wa nini? Anakata kipande cha kupeleka pale tu jicho lake limeona ubaya. Na yule ng'ombe anatundikwa peke yake, chumba cha mwisho, hagusani na wenzake. Mimi nimeingia machinjioni tangu ndevu hazijaota. Aliyetundikwa kile chumba sijawahi kumwona akirudi kwenye gari, huishia kuchomwa moto." Akakunja taulo. "Walipoitazama yangu, waliona. Ndiyo maana wakaipeleka. Sasa naitikia simu nikaambiwe ninachokijua?"

Hapo ndipo nilipoelewa godoro, sahani, kijiko. Mtu alikuwa amejitundika chumba cha mwisho.

Natamani niseme nilimcheka. Sikuweza. Lilikuwa na akili lile neno. Na bahati ilivyo na ubaya wake, mkaguzi mwenyewe alikuwa kwenye mizunguko yake ya maduka, akainama chini ya mlango na koti lake jeupe. Nikasema, huyu atanisaidia. Nikamuuliza, "Mkaguzi, kipande ukishakipeleka maabara, huwa kinarudi kizima?"

"Mara chache mno," akajibu, anafurahia swali. "Mimi sipeleki mpaka jicho limekwisha kukataa. Kwa nini, mama, umeanza kuuza nyama na mkaa?"

Mizani akanigeukia polepole kama mtu aliyeshinda kesi asiyotaka kuishinda. "La kuvunda halina ubani, shemeji."

Mkaguzi alipoondoka, nilikaa pale nikiwa nimeshindwa, nikiangalia ule ubavu umetundikwa na ile alama ya zambarau mgongoni. Hasira zikanipanda. Hasira zangu ndizo akili zangu, sikupata nyingine shuleni, maana niliishia la saba. Nikamwambia, "Yule ng'ombe wa chumba cha mwisho, mnamchoma lini?"

"Karatasi ya maabara ikija."

"Kabla?"

"Kabla haguswi. Ni makosa."

"Hata kama mkaguzi anajua?"

"Hata kama anajua. Jicho si karatasi."

"Sasa wewe mbona umejichoma kabla ya karatasi? Ng'ombe unampa haki yake, wewe unajinyima? Umekataa nusu ng'ombe ya mwenzio kwa kukosa muhuri, leo unapitisha hukumu bila muhuri? Mizani gani wewe?"

Mizani akageuka. Simu ilikuwa juu ya kaunta. Hakuipokea, maana haikuwa inaita tena. Alibonyeza, akawapigia yeye.

Tulikwenda watatu. Kliniki ile ina ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya kijani nusu ya ukuta, mabenchi yamejaa wanaume wa makamo wanaojifanya wamekuja kumsindikiza mtu. Alipoitwa, tukaingia naye. Daktari bingwa alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti wa dada, miwani, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Mizani akatazama sakafu. Dada akakaa pembeni yake, mimi nikabaki nimesimama kwa kukosa kiti, na sikuambiwa nitoke.

"Mzee, tumekutafuta sana."

"Najua, daktari. Kabla hujasema, niambie kitu kimoja. Mlipoipeleka nyama yangu maabara, mliona nini?"

"Hatukuona kitu."

"Basi kwa nini mliipeleka?"

"Tunapeleka ya kila mtu," akasema daktari. "Kila mwanamume tunayemfanyia upasuaji huu, vipande vyake vinakwenda maabara. Mwenye dalili, asiye na dalili. Angekuwa baba yangu, vingekwenda. Kwa macho hatuwezi kujua, lazima vikatwe vyembamba viwekwe chini ya darubini. Ni utaratibu tu, mzee. Si tuhuma."

Mizani akainua uso. "Ya kila mtu?"

"Ya kila mtu."

Akacheka! Sijamsikia akicheka hivyo hata harusini kwake. Akampiga dada begani, dada akaanza kulia, mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, na wote watatu tulichukua muda kuona kwamba daktari hakucheka.

"Mzee," akasema, "sijamaliza."

Sitasahau jinsi kile kicheko kilivyoondoka usoni pake. Hakikuzimika. Kilirudi nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Daktari akageuza karatasi ili aione, akafuata mistari kwa kalamu. Alieleza taratibu, na namshukuru, maana hata mimi nilielewa. Sehemu kubwa kabisa ya nyama, alisema, ni ukuaji wa kawaida wa tezi, ule wa umri, ambao si saratani na haugeuki kuwa saratani. Kuna na mchochota, yaani nyama iliyoudhika muda mrefu, nao si wa kutisha. "Lakini kwenye vipande vichache, chini ya asilimia tano ya nyama yote, wamekuta chembe za saratani."

Dada akashika ukingo wa meza.

"Hapa wameandika tatu jumlisha tatu, sita," daktari akaendelea. "Ndiyo alama ya ukali wake."

"Sita ya ngapi?" Mizani akauliza.

"Ya kumi."

"Nimevuka nusu."

"Hapana, usiisome kama mtihani wa shule. Saratani hii siku hizi haipewi moja wala mbili. Inaanzia sita. Sita ndiyo ya chini kabisa, ndiyo pole. Kumi ndiyo kali."

Nikashindwa kujizuia. "Sasa kwa nini wasianze na moja kama watu wengine?"

"Mama, hata mimi nilipokuwa nasoma niliuliza hivyohivyo."

Mizani hakutusikia. "Hiyo sita iko wapi sasa? Si mmeitoa?"

"Iliyoonekana imetoka, ndiyo hiyo iko maabara. Lakini fikiria chungwa. Tulichotoa ni nyama ya ndani iliyokuwa inabana njia. Ganda limebaki. Kama kuna nyingine imebaki gandani, karatasi hii haiwezi kutuambia. Kwa hiyo tutafuatilia. Damu kila baada ya miezi kadhaa, tutapiga picha, na ikibidi tutachukua vipande kwenye ganda lenyewe. Kwa sasa hatukupasui tena wala kukuchoma mionzi, maana tiba nayo ina madhara yake, na ugonjwa wa namna hii mara nyingi hulala. Wengi wanazeeka nao, wanakufa kwa mambo mengine kabisa."

"Nimepita au nimekataliwa?"

"Mzee, wewe si ng'ombe."

"Mjibu, mwanangu," dada akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo ndiyo lugha yake."

Daktari akavua miwani. "Sina muhuri wa kukupa. Sitakudanganya kwamba huna kitu, na sitakuambia kwamba unakufa kwa hiki. Unacho, ni kidogo, tunakiangalia."

 Nje mtu aliitwa, mtu akaitika. Kisha Mizani akauliza kwa kunong'ona, kama anayeogopa kuiamsha, swali ambalo daktari hakulielewa, na mimi nalielewa zaidi kila nikilikumbuka: "Ikilala, huwa inasikia?"

Daktari akadhani hajasikia vizuri. Akavaa miwani, akauliza lake. "Katika familia kuna aliyeugua tezi dume? Baba?"

"Baba alikufa."

"Kwa nini?"

"Mkojo."

"Mkojo peke yake hauui hivyo, mzee. Alikuwa na maumivu ya mgongo? Ya mifupa?"

Mizani akamtazama mkewe. Dada, aliyepokelewa uji mlangoni miaka ile, ndiye aliyejibu. "Alikuwa analia mgongo. Alikuwa anasema mifupa inatafunwa."

"Hatuwezi kujua sasa," daktari akasema. "Lakini una ndugu wa kiume?"

"Mmoja. Mdogo wangu."

"Aje apime damu. Na watoto wako wa kiume wakifika miaka arobaini hivi. Si kwa hofu. Wajue tu mapema kuliko alivyojua baba yako."

Godoro lilirudi chumbani kwa dada siku ileile, sahani ikarudi kabatini. Mtu angesema mambo yamekaa sawa. Lakini mimi niko mlango wa pili. Aliyekuwa amejitundika akingoja kuchomwa ameshushwa, ndiyo, ila sasa kila mteja anamuuliza, "Mizani, umepona?" na yeye ambaye hajawahi kudanganya hata gramu hajui aseme nini. Alijaribu "nimepona," nikamwona anageuza uso. Alijaribu "bado," watu wakaanza kumpa pole za msibani. Mwishoni akawa anasema, "Napumua," na kushusha shoka kwa nguvu, swali lifie hapo.

Kilichomtafuna zaidi kilikuwa mdogo wake. Huyo ni fundi bomba, mcheshi, mtu wa kofia, na kila Jumamosi anakuja kuchukua nyama. Jumamosi ya kwanza Mizani hakumwambia. Ya pili hakumwambia. Akaja kwangu, akajifanya anachagua mkaa.

"Shemeji, si umwambie wewe? Wewe una mdomo."

"Mdomo ninao. Baba yenu sina."

Jumamosi iliyofuata fundi bomba aliingia akipiga mluzi. Ukuta ni mmoja, nimeshasema, sikuhitaji kusimama.

"Kaka, nipe ile ya mbavu, na usinipe hotuba ya kuichemsha."

"Kaa kidogo."

"Sikai, nina choo cha watu kimefurika huko."

"Nina saratani," Mizani akasema. "Ndogo. Ya tezi dume."

Mluzi ukakatika.

"Nadhani ndiyo aliyokuwa nayo baba."

"Baba alikufa na mkojo."

"Wewe ni fundi bomba. Maji yakikwama, utasema nyumba imekufa na maji? Si unatafuta kilichoziba?"

"Usilitaje hilo neno, kaka. Humu ndani mna chakula cha watu."

"Limekuwamo nyumbani kwetu kabla mimi na wewe hatujaoa. Lilikuwa chumba cha nyuma, tunalipelekea uji. Daktari anasema ukapime damu. Unaamka mara ngapi usiku?"

"Kwani nimekuja kuuzwa au kununua?" Sauti ilikuwa kali, lakini ilitetemeka chini. Nikasikia mlango. Nilipochungulia, fundi bomba alikuwa anavuka barabara bila kuangalia magari, na mbavu zake zimebaki juu ya mizani, mshale wake umesimama. Mizani hakuziondoa mpaka saa ya kufunga.

Hakuja Jumamosi ile nyingine, wala iliyofuata. Dada akasema amemkasirisha ndugu pekee aliyenaye. Mizani akasema, "Akasirike akiwa hai." Ila shoka lilikuwa linakosea mahali pake, na vumbi lilishuka kwangu bila mpango.

Halafu asubuhi moja, bado napanga makopo ya kupimia mkaa, nikaona kofia mlangoni kwa jirani. Haikuingia. Ilisimama nje pale, kana kwamba duka lina mbwa.

"Kaka."

"Naam."

"Hiyo hospitali wanafungua saa ngapi?"

 Nilisikia maji ya kunawia, na kamba ya aproni inafunguliwa. Mizani akapita kwangu akasema, "Shemeji, twende," na sikuuliza nakwenda kama nani. Nilifunga.

Benchi lilelile, ukuta uleule wa kijani. Fundi bomba alitania kila muuguzi aliyepita, akamwambia mmoja kwamba mabomba yao ya sinki yamefungwa na mtu aliyelewa. Jina lake likaitwa. Akavua kofia, akampa kaka yake amshikie, akaingia, na mlango ukafungwa kwa ile sauti ndogo ya milango ya hospitali.

Tezi yake mwenyewe ilipokwanguliwa, Mizani alikuwa macho na hakutikisika. Karatasi iliposomwa, hakutikisika. Sasa alikuwa anaikunja na kuikunjua ile kofia magotini pake, na alikuwa anautazama mlango kama vile sindano ingemchoma yeye kutoka humo ndani. Nikasema nitoke nje kidogo nikapige simu kwa dada.

"Usiondoke, shemeji," akasema.

Miaka yote kabla ya ugonjwa huu hakuwahi kuniomba hata kiberiti. Nikakaa.